Saa tisa alasiri, radi inaposhuka milimani

KWA mtu aliyelelewa katika milima ya Gusii, saa si lazima iwe ya mkononi. Asubuhi jua huwaka kana kwamba halijawahi kujua wingu. Kufikia saa sita mchana, upande wa magharibi kuliko Ziwa Victoria, mawingu meupe huanza kuchomoza, yametuna kama pamba iliyochambuliwa. Saa nane weupe huo umegeuka kijivu, na tumbo la wingu limekuwa jeusi kama sufuria iliyozoea moto wa kuni. Saa tisa upepo wa baridi hushuka ghafla, kuku hukimbilia jikoni, na akina mama walio katikati ya mashamba ya chai hujitwika vikapu kabla tone la kwanza halijaanguka. Kisha mbingu hupasuka.

Mgeni kutoka Nairobi hushangaa sana akikutana na hali hii kati ya Juni na Agosti. Alikotoka, miezi hiyo ni ya baridi na mawingu ya kunyong'onyea yasiyokuwa na ngurumo hata moja. Watu huvaa makoti na kulalamika, basi. Lakini huku Kisii, Nyamira, Kericho, Nandi, Vihiga na Kakamega, mvua haijui likizo. Huja karibu kila alasiri, na mara nyingi haiji peke yake. Huja na radi, na katika sehemu za juu huja na mawe.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba dada yangu angali anaishi kijijini kwetu, na mwanawe wa Gredi ya Nne hutoka shuleni wakati ule ule ambapo wingu limekomaa. Ya pili nimekaa nayo tangu mwaka 1991.

CHINI YA MKARATUSI

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita. Siku hiyo tulikuwa uwanjani tukicheza kandanda baada ya masomo. Ngurumo zilikuwa zimesikika kwa muda, lakini kwa mbali, na hakuna mtoto wa milimani anayeacha mpira kwa sababu ya ngurumo za mbali. Mvua ilipoanza tulikimbilia mkaratusi mkubwa uliokuwa kando ya ua. Tulikuwa tisa au kumi hivi. Wengine waliegemea shina, na wengine, nikiwamo mimi, tulisimama pembeni kwa sababu nafasi nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa na wakubwa.

Sikumbuki mlio wowote. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaliamini ninapowasimulia. Nakumbuka weupe, halafu nakumbuka nimelala kifudifudi matopeni, miguu ikiwa mizito kama si yangu, na masikio yakilia kama nzige. Gome la mkaratusi lilikuwa limechanika kutoka juu hadi chini. Mmoja wetu aliyekuwa ameegemea shina hakuinuka. Sitamtaja jina, kwani wazazi wake wangali hai.

Watu wazima walifika upesi, lakini walisimama mbali. Hakuna aliyemgusa. Wengine walisema mwili uliopigwa na radi hubaki na umeme ndani yake na utamuua atakayeushika. Wengine waliogopa laana, wakataka kwanza aitwe mzee anayejua kutakasa. Kuna aliyeshauri tumwagiwe maziwa. Nusu saa ilipita hivyo. Yule mvulana alikuwa hana jeraha lolote la kuonekana isipokuwa mistari myekundu kifuani, mithili ya jani la gugu la msituni.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mwili wa aliyepigwa na radi hauna umeme wowote. Umeme hupita katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ukazama ardhini, ukaisha. Mtu huyo aweza kuguswa mara moja. Tena, kinachomuua mara nyingi si kuungua, bali ni moyo kusimama kwa mshtuko na pumzi kukatika. Moyo waweza kurudi wenyewe na kuanza kudunda, lakini sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi hukawia kuamka. Basi moyo huo, ukikosa hewa, husimama tena, na mara hii haurudi. Anayemsukuma kifua na kumpulizia pumzi kinywani katika dakika hizo ndiye anayeshika uhai wake mkononi.

Nusu saa. Kila nikifika kijijini huipita ile sehemu, na kila mara huhesabu dakika hizo upya.

ZIWA NA MLIMA

Kwa nini radi zimependa sehemu hizi? Majibu ya kijijini ni mengi. Jibu la wataalamu wa hali ya hewa ni rahisi kufuata hata kwa mtoto, na ningependa wazazi waliotie kichwani.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi, na Kericho hupita 2,000. Kwa hivyo kutoka ziwani kwenda mashariki ni kupanda ngazi. Jua likiwaka asubuhi, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi na iliyojaa unyevu, huvuta kuja kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa ambao wakazi wa Kisumu huufurahia mchana. Ukifika kwenye milima hauna pa kupita ila juu. Na huko juu hukutana na pepo zinazotoka mashariki. Hewa mbili zikigongana hivyo, ile yenye unyevu hupanda kama moshi ndani ya dohani, na wingu hukua hadi kilomita kumi au zaidi kwenda juu.

Ndiyo maana mvua hii haiji asubuhi. Wingu lahitaji nusu siku ya jua ili likomae. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka milimani kuelekea ziwani, na ngurumo huhamia katikati ya maji kabla ya mapambazuko. Wavuvi wanalijua hilo kwa uchungu wao. Unaweza kusema kwamba ziwa na mlima wanapokezana radi moja, mchana kwa huyu na usiku kwa yule. Miji ya Uganda iliyo upande wa pili, kama vile Kampala na Tororo, imo katika orodha ya mahali panaponguruma siku nyingi zaidi duniani, zaidi ya siku 200 kwa mwaka.

Ndani ya wingu, huko juu kulikoganda, kuna chembe za barafu. Nyepesi husukumwa juu na zile nzito hushuka, nazo husuguana njiani kama vile sweta inavyosuguana na nywele. Nyepesi huchukua umeme wa aina moja na nzito hubaki na aina nyingine, hata wingu likawa kama betri kubwa isiyo na nyaya. Hewa ikishindwa kuvumilia, umeme huruka. Njia unayopitia hufikia joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua. Hewa ikipashwa moto kiasi hicho kwa ghafla, hulipuka. Mlipuko huo ndio ngurumo.

MAWE YA KERICHO

Sasa tupande kidogo hadi Kericho na Nandi, kwani huko kuna kioja ambacho Wakenya wengi hawakijui. Katika vitabu vya hali ya hewa, mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yametajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Takwimu inayonukuliwa ni siku 132 kwa mwaka. Si ajabu, basi, kwamba mtoto wa Kericho huona mawe ya mvua kuwa kitu cha kuokota na kutafuna.

Sababu moja ni urefu wa nchi yenyewe. Katika sehemu zetu za tropiki, maji huganda yakifika mita 4,500 hadi 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Jiwe la barafu likianguka kuelekea Kisumu lina safari ndefu ndani ya hewa ya joto, na mara nyingi hufika likiwa tone la maji. Likiangukia Kericho safari yake ni fupi, nalo hufika likiwa jiwe.

Lakini kuna sababu nyingine iliyopendekezwa, nayo hunifanya nicheke kila nikiikumbuka. Mtafiti Russell Schnell alifanya uchunguzi katika mashamba hayo, na mwaka 1982 akachapisha matokeo yake. Aligundua kwamba vumbi la majani makavu ya chai, yale yanayooza chini ya miti, lina uwezo mkubwa wa kuyafanya maji yagande. Wachumaji wanapopita katikati ya mistari ya chai hulikoroga vumbi hilo kwa miguu, nalo likapanda na hewa hadi mawinguni. Huko kila chembe huwa kokwa ambayo barafu hujijenga juu yake. Ikiwa ni kweli, basi mchumaji hulitimua asubuhi lile jiwe litakalompiga kichwani alasiri. Siwezi kusema kwamba wanasayansi wote wamelikubali hilo kuwa ndicho chanzo cha mawe ya Kericho, ila ni wazo ambalo hadi leo halijatupwa.

Wenye mashamba makubwa hawakuketi tu wakatazama. Katika miaka ya 1960 mawingu ya Kericho yalirushiwa roketi zilizolipuka ndani yake, kwa matumaini kwamba mawe yangevunjika au yangelainika. Baadaye ndege zilitumwa kunyunyiza kemikali ya fedha, ili chembe za barafu ziwe nyingi na ndogo badala ya chache na kubwa. Wataalamu walibishana kuhusu faida yake, na juhudi hizo zikakoma. Mawe hayakukoma.

Kwa mkulima mdogo hasara ya mawe haihitaji utafiti. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Mawe ya dakika kumi hutoboa majani, huvunja vichipukizi na kuchubua matawi, na kwa wiki kadhaa mkulima hana cha kupeleka kituoni. Kikapu hutundikwa ukutani. Kisha bonasi ya mwaka ikifika, wale waliopigwa na mawe hujikuta wakihesabu noti chache kuliko jirani wa mlima wa pili, ambaye wingu lilimruka. Maana hii mvua ina upendeleo wa ajabu: huweza kufagia shamba moja na kuliacha lililo ng'ambo ya kijito likiwa kavu kabisa.

Na upendeleo huo, msomaji, ndio mwanzo wa balaa jingine.

KIDOLE HUNYOOSHEWA NANI?

Baada ya mazishi ya mwenzetu wa darasa la sita, maneno yalianza kisimani na kwenye foleni ya posho mill. Mbona radi iliruka nyumba zote ikamtafuta yule? Kulikuwa na mjane mmoja aliyeishi peke yake karibu na shule. Siku chache kabla ya tukio aliwagombeza wavulana waliomtungulia maparachichi, na marehemu alikuwa mmoja wao. Mimi pia nilikuwa mmoja wao. Watu walihesabu mbili na mbili, wakapata wanachotaka.

Nyanya yangu, ambaye alikuwa rafiki ya yule mjane tangu usichana wao, aliendelea kumpelekea maziwa kila jioni, na kwa sababu hiyo baadhi ya majirani waliacha kutusalimu. Usiku mmoja mjane yule aliondoka. Tuliambiwa alikwenda kwa jamaa zake upande wa Transmara. Hakurudi. Nyumba yake iliporomoka yenyewe, na mahali hapo siku hizi pamepandwa chai.

Alikuwa na bahati ya kuondoka. Katika nchi ya Gusii, tuhuma ya uchawi imewahi kuwa hukumu ya kifo. Mnamo Oktoba 2021 wazee wanne waliuawa na umati katika eneo la Marani, Kisii, kwa madai ya uchawi. Kisa hicho hakikutokana na radi, lakini mkondo wa fikira ni ule ule: jambo likikosa maelezo, hutafutwa mtu, na mara nyingi huwa ni mzee, maskini, asiye na watoto wa kumtetea. Ndiyo sababu naona kwamba kumweleza mtoto jinsi radi inavyotokea si somo la sayansi peke yake.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umesifika kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti inavyochipua, ndege na wadudu wanavyoenda, na upepo unavyogeuka. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wenyewe wameketi nao wakalinganisha utabiri wa pande zote mbili kabla ya msimu kuanza. Hiyo ni heshima inayostahili.

Hata nyanya yangu, tukiyachambua aliyotuamuru, alikosea nusu tu. Radi ikianza alifunika kioo cha ukutani kwa leso, akatuvua kila nguo nyekundu na kutupa shoka nje uani. Hayo hayana msaada. Radi haina macho ya kutambua rangi wala haivutwi na kioo. Lakini pia alituamuru tusisimame mlangoni, tusiegemee ukuta, tusishike sufuria, tuketi katikati ya nyumba kwenye viti vya mbao na tuinue miguu. Hayo ni sawa kabisa na anayoyasema mtaalamu wa leo. Alijuaje? Nadhani aliona mambo mengi katika maisha yake.

INAVYOUA

Watu wengi hudhani radi huua tu kwa kumpiga mtu utosini. Hiyo ndiyo njia iliyo nadra. Mara nyingi radi hupiga kitu kirefu, mti au mlingoti, kisha umeme ukaruka kutoka shinani hadi kwa mtu aliye karibu, kwa kuwa mwili wa binadamu huupitisha kwa urahisi kuliko mbao. Au hupita kwenye kitu alichokishika, kama seng'enge au bomba la maji. Na njia iliyo ya hatari zaidi kwa kundi ni ardhi yenyewe: umeme ukizama pale chini ya mti husambaa pande zote, na huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Hivi ndivyo mimi nilivyoangushwa nikiwa pembeni.

Ng'ombe humpita binadamu kwa hatari hii, kwani miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na moyo uko katikati ya njia. Mkulima akikuta ng'ombe wake watatu wa gredi wamelala kando ya seng'enge bila jeraha, asitafute mchawi. Atazame ule ua.

Majirani zetu wameonja uchungu huu kwa wingi wa kutisha. Mnamo Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, na kuua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao. Machi 2018, waumini 16 walifariki baada ya radi kupiga kanisa katika milima ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Novemba 2024, watu 14 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Ukiangalia utaona kitu kimoja: mara zote tatu watu walikuwa wamekusanyika pamoja.

Paa la mabati pekee si kinga. Likiwa juu ya kuta za udongo au matofali bila waya wa kuushusha umeme hadi ardhini, radi ikilipiga itajitafutia njia yake, na mtu aliyeegemea ukuta huwa ndiyo njia. Shule na makanisa ya milimani yanahitaji kinga ya radi iliyotengenezwa ipasavyo: chuma kilichosimama juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoteremka nje ya jengo, na mwisho wake uliozikwa vizuri kwenye udongo wenye unyevu. Nimeona shule ambako chuma kipo juu lakini waya umekatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Afadhali wasingekuwa na kitu, kwa sababu sasa wanajidanganya wana kinga.

Na ile hadithi kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili? Msimamizi mmoja wa mbuga katika milima ya Virginia, Marekani, Roy Sullivan, alipigwa mara saba kati ya mwaka 1942 na 1977, na mara zote saba akapona. Mlima haubadilishi mahali pake, na radi nayo inajua njia.

HESABU YA MTOTO

Kuna hesabu moja ambayo mzazi anaweza kumfundisha mtoto jioni ya leo bila kununua chochote. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ukifika thelathini, radi iko kilomita kumi. Ukisikia ngurumo kabla ya thelathini, umo katika eneo ambalo radi inayofuata inaweza kukufikia, hata kama juu yako kuna jua. Ingia ndani. Kisha usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, kwa sababu wengi hupigwa mwanzoni mwa mvua, kabla hawajakimbia, na mwishoni, baada ya kudhani imekwisha.

Mahali pazuri ni ndani ya jengo kubwa la kudumu, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Matatu inafaa, pikipiki haifai. Si magurudumu ya mpira yanayomlinda abiria kama wengi wanavyodhani. Ni lile bati la gari linaloupitisha umeme nje yake hadi chini. Ukiwa nyumbani, chomoa televisheni, na simu usiizungumzie ikiwa kwenye chaji. Simu ya mkono iliyochomolewa haiviti radi. Waya wa stima ndio unaoleta.

Ukinaswa shambani, ondoka kileleni, jitenge na miti mirefu na seng'enge, weka jembe chini, na usilale chali wala kifudifudi. Kama mko wengi, tawanyikeni, ili mmoja akianguka awepo wa kumsaidia. Aliyeanguka na hapumui, mguseni mara moja, msukumeni kifua, mpeni pumzi, na mtu mwingine atafute gari la kumpeleka hospitali. Hata aliyeinuka mwenyewe apelekwe akapimwe, kwani masikio, macho na kumbukumbu huweza kudhurika. Mimi sikio la kushoto halijanirudia sawasawa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zimekuwa na wakurugenzi wao wa hali ya hewa, na utabiri hutangazwa redioni kwa lugha za nyumbani. Tatizo ni kwamba utabiri husema alasiri kutakuwa na ngurumo, nayo shule hufungua lango alasiri hiyo hiyo. Watoto wa milimani huteremka bondeni, huvuka kijito, hupanda upande wa pili, na njiani hakuna nyumba wala gari, ni mikaratusi tu.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, nikaenda kumchukua mpwa wangu. Nilipofika lango lilikuwa limefungwa na watoto wote wamo madarasani. Mwalimu wa zamu, mwanamke kijana, alikuwa amesimama barazani akiangalia mlima. Wazazi wawili walikuwa wakimlalamikia kwamba ng'ombe hawajanyweshwa na mtoto ndiye wa kuwanywesha. Mmoja alimwuliza kama yeye ndiye Mungu wa kujua radi itapiga wapi.

"Mzazi, sijui itakapopiga," alijibu. "Ndiyo maana nimewaweka."

Niliingia darasani nikaketi kwenye dawati la mwisho karibu na mpwa wangu. Dirisha likaangazwa.

"Mjomba, hesabu," akaninong'oneza.

Tulihesabu pamoja. Ngurumo ilifika kwenye ishirini na mbili. Akaitazama saa ya ukutani, akafungua daftari, akaandika dakika kwa penseli, na kuanza kuisubiri nusu saa upya.